Asilimia 80 ya Tume ya Nyalali: wananchi waliulizwa nini hasa?

Katika siasa za Tanzania hakuna hesabu inayotajwa kwa wepesi kama ile ya "themanini kwa ishirini". Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza wananchi kama wanataka nchi iendelee na chama kimoja au iingie kwenye vyama vingi. Wengi, kama wanane katika kila kumi, walitaka chama kimoja. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaja. Tangu hapo hesabu hiyo imepanda jukwaani mara zisizohesabika. Kada wa CCM huitumia kujisifia ukarimu: hamkutaka, sisi tukawapa. Mpinzani huitupilia mbali: watu walikuwa na hofu, nani angesema la moyoni mbele ya chama kilichoshika hatamu?

Wote wawili wanaiona namba hiyo kama kipimo cha matakwa ya watu. Mmoja anasema kipimo kilikuwa sahihi, mwingine anasema kilichakachuliwa na woga. Mimi naona kilichopimwa ni kitu kingine. Swali la "ingekuwaje kama" hujibiwa kwa picha aliyonayo mtu kichwani siku hiyo, na mwaka 1991 Watanzania hawakuwa na picha moja.

Takwimu zenyewe kwanza, maana hata hizo hunukuliwa nusunusu. Waliotoa maoni walizidi watu 36,000. Kwa ujumla asilimia 77.2 walitaka chama kimoja kiendelee na asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Hiyo themanini ni ya Bara. Zanzibar waliotaka chama kimoja walikuwa asilimia 56 tu, na waliotaka vyama vingi walizidi wanne katika kila kumi. Kwa hiyo anayesema "themanini kwa ishirini" keshaifuta Zanzibar, na Zanzibar ndiko kwenye ufunguo wa kisa hiki.

Tena haikuwa sampuli. Tume haikuchagua kaya kwa bahati nasibu ikatuma wadadisi na dodoso mlango kwa mlango. Ilipokea maoni ya waliojitokeza. Ukizirudisha nyuma asilimia hizo tatu, ya jumla, ya Bara na ya Zanzibar, unakuta kama mmoja katika kila tisa waliotoa maoni alitoka Zanzibar. Sensa ya 1988 ilihesabu watu wapatao milioni 23.1 Tanzania nzima, na Zanzibar kama 640,000, yaani chini ya asilimia 3. Visiwa vilikuwa na sauti mara nne ya idadi yao ya watu. Ukisawazisha uzito huo, chama kimoja hakishuki, kinapanda hadi karibu asilimia 79. Wanaoamini kwamba namba zilipikwa kukipendelea chama tawala wanapaswa kulitafakari hilo. Lakini kusawazisha kwenyewe hakusaidii sana, kwa sababu hatujui wale wasiojitokeza wangesema nini, na asiyejitokeza kwenye mkutano wa hadhara mara nyingi si sawa na anayejitokeza.

Sasa swali lenyewe. Jina la tume lilitaja mambo mawili tu: mfumo wa chama kimoja au vyama vingi vya siasa. Ni swali fupi na linaeleweka, na hapo ndipo shida yake ilipo. Upande mmoja wa neno "au" kuna kitu mtu anachoishi nacho tangu asubuhi mpaka usiku. Upande wa pili kuna jina. Vyama vingi vya namna gani? Vya kikabila na kidini vingeruhusiwa? Mjumbe wa nyumba kumi angebaki wa chama au angekuwa wa serikali? Jeshi, ambalo lilikuwa na matawi ya chama ndani yake, lingekuwa la nani? Viwanja vya michezo na majengo yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi wote chini ya chama yangekwenda wapi? Mengi ya hayo hayakuwa na jibu mwaka 1991, na mengine yanagombewa hadi leo. (Waulize watu wa mikoani kuhusu viwanja vya mpira.) Mwananchi aliombwa apime kitu alichokijua hadi bei yake dhidi ya kitu ambacho hata waliokuwa wakimuuliza hawakuwa wamekichora bado. Zimwi likujualo halikuli likakwisha; hiyo peke yake inaweza kuzaa asilimia kubwa bila hofu wala mapenzi.

Hata hivyo hofu ilikuwepo, na hatuwezi kuipita. Katiba ya 1977 ilitamka kwamba chama ni kimoja, na kwamba ndicho chenye kauli ya mwisho. Kudai chama cha pili hadharani kulikuwa ni kudai jambo lililo nje ya Katiba. Balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa chama, na ndiye mwanzo wa barua ya utambulisho, usuluhishi wa ugomvi wa majirani na habari za mgeni aliyelala mtaani. Hotuba zilifungwa kwa "zidumu fikra sahihi za Mwenyekiti". Katika hali hiyo mtu anaposimama mkutanoni kusema anataka vyama vingi, anajibu maswali mawili kwa pamoja: lile la tume, na lile la majirani wanaomtazama, wewe ni wa upande gani? Wanaofanya utafiti wa maoni wanaujua ugonjwa huu vizuri. Hata leo Afrobarometer, ambao hujitambulisha kuwa watafiti huru, humuuliza mhojiwa mwishoni anadhani ni nani aliyewatuma, na wahojiwa wengi hutaja serikali.

Kwa hiyo kuna wanaotaka kesi iishie hapo: watu waliogopa, basi. Kama hofu ndiyo iliyopandisha asilimia, ingebidi asilimia iwe juu zaidi pale ambapo hofu ilikuwa kubwa zaidi. Na mwaka 1991 hofu ilikuwa kubwa zaidi Zanzibar. Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi, alivuliwa cheo mwaka 1988, akafukuzwa chama mwaka huohuo, akakamatwa 1989, na aliachiwa Novemba 1991 tu. Yaani kwa sehemu kubwa ya mwaka ule ambao Tume ilikuwa ikikusanya maoni, mwanasiasa maarufu kuliko wote waliotofautiana na chama visiwani alikuwa kizuizini. Mzanzibari aliyesema "vingi" alikuwa na sababu nzuri kuliko mtu wa Dodoma au Lindi ya kuuma maneno. Na bado Zanzibar ndiko waliposema "vingi" kwa wingi, maradufu ya Bara.

Nadharia ya hofu pekee hapa inakwama. Tofauti ninayoiona mimi ni ya kumbukumbu.

Bara, mtu mzima wa mwaka 1991 hakuwa na kumbukumbu yoyote ya maana ya ushindani wa vyama. Uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, vingi bila mpinzani. Uchaguzi wa rais wa 1962 Zuberi Mtemvu wa ANC, chama cha upinzani cha Tanganyika, aliambulia karibu asilimia 2 dhidi ya Mwalimu Nyerere. Miaka mitatu baadaye chama kimoja kikawa sheria. Mtu aliyekuwa na miaka arobaini wakati wa Tume hakuwahi kupiga kura ya vyama hata mara moja. Alichokijua ni jembe na nyumba: wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakichagua. Tusiudharau uchaguzi ule. Mawaziri waliangushwa kwa jembe na nyumba, na mbunge aliyewasahau watu wake alirudishwa shambani. Kwa hiyo mtu wa Bara aliposema "chama kimoja" hakuwa lazima anasema "sitaki kuchagua". Pengine alikuwa anasema, uwezo wa kumwondoa mbunge ninao tayari, hicho kingine kitaniongezea nini?

Na hicho kingine kilikuwa na sura gani? Katika nafasi tupu ya "vyama vingi" mtu huweka anachokiona dirishani. Msumbiji palikuwa na vita vya FRELIMO na RENAMO, na wakimbizi walivuka Ruvuma. Kigoma, Tabora na Rukwa waliishi na Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mogadishu ilikuwa imeanguka Januari 1991, wiki chache tu kabla Rais Ali Hassan Mwinyi hajaiunda Tume mwezi Februari. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa vita vya vyama vingi kwa maana ya sanduku la kura, lakini mtu hahitaji mantiki kamili ili aogope. "Vyama vitaleta vita" ilikuwa hoja ya kawaida kabisa, na waliokuwa wakiitoa hawakuwa wote makada.

Zanzibar mambo yalikuwa kinyume. Wao walikuwa na kumbukumbu ya pande zote mbili, na zote zilikuwa chungu. Kati ya 1957 na 1963 visiwa vilipiga kura mara nne. Uchaguzi wa Juni 1961 ulifuatwa na machafuko na watu wakafa. Julai 1963 ASP (Afro-Shirazi) ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na Januari 1964 Mapinduzi yakafuata. Mzee wa Ng'ambo au wa Wete hakuhitaji kuelezwa chama ni nini. Aliweza kukutajia nani alikuwa Hizbu (chama cha ZNP) na nani Afro (ASP), nyumba kwa nyumba. Wakati huohuo chama kimoja visiwani hakikuja na jembe na nyumba. Baraza la Wawakilishi lenyewe lilianza 1980. Kwa hiyo Mzanzibari aliulizwa achague kati ya vitu viwili alivyovijua, na waliojibu waligawanyika karibu katikati, kama walivyogawanyika 1963.

Sasa tazama kilichotokea mfumo ulipobadilika kweli. Mkutano mkuu maalumu wa CCM wa Februari 1992 ulikubali mabadiliko, Katiba ikarekebishwa Mei, na kuanzia 1 Julai 1992 vyama vikaruhusiwa. Oktoba 1995 watu wakapiga kura. Zanzibar Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif, yuleyule Seif Sharif Hamad, matokeo ambayo chama chake, CUF, walikataa kuyatambua. Kwenye urais wa Muungano Benjamin Mkapa alipata asilimia 61.8, Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi 27.8, na waliobaki, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, waligawana kama kumi. Jumla ya waliompa mgombea asiye wa CCM ni asilimia 38.

Visiwani, kutoka kama 43 mwaka 1991 hadi 49.8 mwaka 1995: jibu la "ingekuwaje" na kitendo havikuachana sana. Bara, kutoka mmoja katika watano hadi karibu wawili katika watano. Mahali ambapo watu walikijua walichoulizwa, jibu lao lilifanana na walichokuja kukifanya. Mahali ambapo hawakukijua, asilimia ilikaribia kuwa mara mbili.

Najua pingamizi, na lina nguvu. Kura ya chama si kura ya mfumo. Kuna aliyetaka vyama vingi na bado akampigia Mkapa. Kuna aliyetaka chama kimoja mwaka 1991, lakini 1995 akampenda Mrema kwa kuwa alikuwa Mrema, waziri wa mambo ya ndani aliyekuwa akitatua kesi za watu papo kwa papo, aliyetoka CCM mwaka huohuo wa uchaguzi. Uchaguzi wa Dar es Salaam uliharibika ukarudiwa Novemba. Sidai kwamba asilimia 38 inapima kosa la asilimia 20. Ninachodai ni kidogo zaidi: mwelekeo wa tofauti kati ya Bara na visiwa unaelezeka vizuri kwa uzoefu kuliko kwa hofu.

Turudi kwenye Tume, maana nayo ilikuwa na jambo mkononi ambalo themanini kwa ishirini inalificha. Zaidi ya nusu ya waliosema "chama kimoja" hawakuishia hapo. Walisema kimoja, lakini kibadilike. Nyalali na wenzake walizijumlisha "lakini" hizo na zile asilimia 21.5, wakapata kwamba wengi wa Watanzania walitaka mabadiliko. Hesabu yenyewe ni sahihi: nusu ya 77 ni zaidi ya 38, ongeza 21.5, umefika 60.

Kama uchambuzi wa maoni, hiyo kazi nusu yake naiheshimu na nusu inanitia wasiwasi. Naiheshimu kwa sababu walisoma maneno ya watu na hawakuishia kuhesabu mikono. Jibu la "ndiyo lakini" kwenye swali la dhahania lina habari nyingi kuliko "ndiyo" tupu. Mtu anayesema kibaki lakini viongozi wawajibike, kibaki lakini tuwe huru kusema, amekuambia tatizo lake ni nini hata kama dawa uliyomtajia hakuitaka. Wasiwasi wangu ni kwamba "nataka chama kimoja kilichosafishwa" na "nataka vyama vingi" si kapu moja. Aliyetaka chama kisafishwe alikuwa na sababu ya kulalamika alipohesabiwa upande wa wanamageuzi. Ukikubali kujumlisha hivyo, siku nyingine mtu atajumlisha "lakini" zako apate asichokitaka yeyote.

Hoja iliyokuwa na miguu haikuwa ya hesabu hata kidogo, nayo Tume iliigusa: watu mmoja katika kila watano ni wengi, na haki yao ya kujiunga na wanaowataka haipaswi kungoja ruhusa ya wanne waliobaki. Afadhali pia nchi ibadilike ikiwa tulivu kuliko kungoja ifike kubaya. Wakati Tume ikizunguka, wanamageuzi walikuwa wameshaunda kamati yao ya kudai katiba mpya jijini Dar es Salaam mwezi Juni, chini ya Chifu Abdallah Fundikira. Zambia ilimwangusha Kenneth Kaunda kwa kura Oktoba 31. Kenya ikafuta kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, mwezi Desemba. Mtu aliyetoa maoni mapema na aliyetoa mwishoni waliishi katika Afrika mbili tofauti, na Tume ikawaweka kwenye jedwali moja.

Kuna anayeuliza, kwa nini hawakupiga kura ya maoni tu, wakamaliza? Uganda walifanya hivyo, mara mbili. Juni 2000 waliulizwa wabaki na mfumo wa Movement, usio na ushindani wa vyama, au warudi kwenye vyama, na asilimia 90.7 ya waliopiga kura wakasema Movement. Julai 2005 waliulizwa tena, na asilimia 92.4 wakasema vyama. Sidhani kuna anayeamini kwamba kwa miaka mitano Waganda waligeuka kwa asilimia themanini mioyoni. Vyama vilisusia kura ya kwanza. Katika ya pili Rais Museveni mwenyewe alikuwa akipigia debe vyama. Kura halisi, yenye sanduku na wino, nayo huweza kujibu swali la "aliyetuuliza anataka nini?" Tanzania ishara za juu zilikuwa zimechanganyika: Mwalimu alifungua mlango wa mjadala tangu Februari 1990 aliposema chama kimoja si msahafu, huku makada wa chini, ambao ndio wananchi waliwaona kila siku, wakiutetea. Ninahisi kuchanganyika huko ndiko kulikowapa watu nafasi ya "lakini".

Kama ningepewa Tume ile niipangie maswali, jina lake ningelivunja vipande. Ningeuliza mbunge wako akikosea unamfanyaje. Akitokea mtu wa mtaani kwako anataka kuunda chama, azuiwe na nani. Balozi awe wa nani. Mara ya mwisho uliogopa kusema jambo gani. Ningewauliza watu faraghani, na ningetenganisha wazi waliowahi kupiga kura kabla ya 1964 na waliozaliwa baadaye. Hayo yangeleta asilimia nyingi ndogondogo ambazo hazipandi jukwaani, na nadhani ndiyo maana tume hazipendi kuuliza hivyo.

Miaka ishirini na kitu baadaye Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya Katiba mpya. Kati ya wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano, kama asilimia 61 walitaka serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), muundo ambao hata Nyalali aliupendekeza ukakataliwa. Zanzibar kama asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zinazounganishwa kwa makubaliano tu. Machi 2014 Rais Jakaya Kikwete alisimama mbele ya Bunge Maalumu akasema waliogusa suala hilo walikuwa sehemu ndogo tu ya wote waliotoa maoni, na wengine kulinyamazia maana yake si kwamba linawakera. Upande wa pili ukajibu kwamba asiyezungumza hahesabiwi popote duniani. Safari hii aliyekuwa akisoma ukimya ni Serikali, na waliokuwa wakishikilia asilimia ni wanamageuzi. Wengi wao walikuwa wameikejeli themanini ya 1991 maisha yao yote ya siasa.